Betri ya moyo kazi yake kubwa ni kusikiliza

Mashine ya presha ya kuvalisha mkononi hutoa namba tatu. Mbili za juu kila mtu anazijua siku hizi. Hata mama wa vitumbua pale kona atakutajia zake za jana. Ya tatu, ya chini kabisa, ni mapigo ya moyo kwa dakika, na ndiyo ambayo hakuna aliyeitazama nilipoanza kudondoka. Nilipimwa duka la dawa, nikapimwa zahanati, nikapimwa na jirani yetu ambaye ni mkunga mstaafu. Wote waliona 180 pale juu, wakatikisa kichwa, wakaniambia nipunguze chumvi na nimeze dawa. Chini yake ilikuwa imeandikwa 36.

Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika. Mwanariadha anaweza kushuka chini ya hapo, na aliyelala vilevile. Lakini mimi ni fundi wa kuchomelea mageti Tanga mjini, umri umeshapita hamsini, naona kiza kila nikiinuka, na siku moja nilianguka chini holda, kile kishikio cha kijiti cha kuchomelea, ikiwa mkononi. Hiyo 36 haikuwa ya uanariadha. Na ile 180 ya juu ilitokana na hukohuko: moyo unaopiga kwa nadra hujaa damu nyingi katikati ya pigo na pigo, kwa hiyo ukibana unasukuma mzigo mkubwa kwa mkupuo. Dawa za presha zisingegusa kiini cha tatizo, na zimo ambazo hupunguza mapigo zaidi. Mtaani walisema kifafa, wengine wakasema ni mambo yetu ya pwani, nitafute mganga. Sikuwalaumu. Anayezimia dakika moja kisha akaamka akiuliza kikombe chake cha chai kiko wapi anatatanisha watu.

Aliyeiona namba ya tatu ni daktari kijana wa hospitali ya mkoa. Hakuongea sana. Alinilaza, akanibandika waya za ECG, kipimo kinachochora umeme wa moyo, na karatasi ilipotoka akaniita niitazame naye baada ya kusikia kazi yangu. Palikuwa na vilima vidogo vilivyokwenda kwa mwendo wao, vimepangana vizuri, na vilima vikubwa vilivyokwenda kwa mwendo mwingine kabisa, polepole, bila kuvijali vile vidogo. "Vidogo ni vyumba vya juu vya moyo, vikubwa ni vya chini," akasema. "Havisikilizani tena, mzee. Umeme umekatika katikati."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nina tatizo la fani yangu. Moyo una umeme wake. Juu kabisa, kwenye chumba cha juu cha kulia, kuna kijisehemu kiitwacho nodi ya sinoatria, na ndicho kinachoanzisha kila pigo. Umeme unasambaa vyumba vya juu, unafika kwenye nodi ya pili katikati ya moyo, unasubirishwa kidogo ili vyumba vya juu vimalize kumimina damu chini, kisha unapitishwa kwenye kifungu cha nyuzi kiitwacho cha His, unagawanyika kulia na kushoto, na kumalizikia kwenye nyuzi za Purkinje zinazobanisha vyumba vya chini kwa pamoja. Safari yote haifiki hata robo ya sekunde. Kwangu mimi njia ilikufa hapo katikati. Vyumba vya chini vikikosa amri kutoka juu haviachi kupiga, vina akiba yao wenyewe, ila akiba hiyo ni ya mara 20 hadi 40 kwa dakika na haiaminiki. Ikisita sekunde chache, mtu yuko chini. Madaktari wawili wa Dublin, Robert Adams mwaka 1827 na William Stokes mwaka 1846, waliandika habari za wagonjwa wanaozimia huku mapigo yao yakiwa ya polepole mno, na mpaka leo kuzimia kwa namna ile kunaitwa kwa majina yao. Kwa zaidi ya miaka mia moja baada ya Adams, hapakuwa na la kufanya isipokuwa kumwangalia mgonjwa.

Nilipelekwa Dar es Salaam, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili, kwa ajili ya kuwekewa betri ya moyo (pacemaker), kifaa kinachousukuma moyo kwa umeme unapokosa amri. Ndivyo tunavyoiita, betri, ingawa betri ni sehemu moja tu ya kifaa. Mtaalamu wa vifaa, binti wa umri wa mtoto wangu wa pili, alitoa kwenye droo kifaa cha maonyesho akakiweka kiganjani mwangu. Kidogo, bapa, kina umbo la yai lililokandamizwa, upana kama sentimita tano, unene haufiki sentimita moja, uzito wa gramu ishirini na kitu. Nikakigeuza ubavu na kukisogeza dirishani.

"Mwanangu," nikamuuliza, "hapa mmechomelea na nini?"

Akacheka. "Mzee, wenzako huniuliza bei. Wewe unauliza mshono."

Lakini mshono ule ungekuwa wako ungeuuliza. Kopo lake ni la titani, nusu mbili zilizounganishwa ukingoni kwa leza, na mstari wake ni mwembamba kuliko kitu chochote nilichowahi kukichomelea maishani: vidonda vidogo vya duara vimepandiana kwa mpangilio, hakuna tone lililozidi, hakuna tundu. Titani ina maringo. Ukiipasha moto kwenye hewa ya kawaida inanyonya oksijeni na kuwa kavu, inapasuka, kwa hiyo huchomelewa ndani ya gesi isiyoshirikiana na kitu, kama agoni. Kisha kopo hupimwa kwa gesi ya heliamu kuona kama kuna panapovuja. Sababu iko wazi: mwili wa binadamu ni maji ya chumvi, na sisi tunaochomelea karibu na bahari tunajua maji ya chumvi hufanya nini.

Ndani ya kopo, zaidi ya nusu ya nafasi ni betri. Sehemu inayobaki ni saketi, yaani akili. Juu ya kopo kuna kichwa cha plastiki ngumu ya kung'aa chenye matundu ya kuchomekea waya, na skrubu ndogo za kuzibana. Umeme unatokaje ndani ya kopo lililozibwa kiasi hicho? Kuna vijiti vyembamba vinavyopenya ukuta wa kopo vikiwa vimezungushiwa kauri, ili visigusane na titani na pia unyevu usipite. Niliuliza hilo mara mbili kwa sababu mara ya kwanza sikuamini.

Habari ya betri ndiyo iliyonishangaza kuliko zote. Mashine yangu ya kuchomelea hula ampea 100 bila kuona haya. Kifaa hiki, kila kinaposukuma moyo, kinatoa kama volti mbili na nusu kwa muda usiofika nusu milisekunde. Ukipiga hesabu kwa upinzani wa ohmu 500, nguvu ya pigo moja ni kama sehemu tano katika milioni moja za jouli. Saketi nzima, pamoja na kusukuma huko, inakula maikroampea kumi na kitu tu. Betri yenye ujazo wa ampea moja kwa saa moja, ukiigawa kwa maikroampea 12, unapata saa 83,000 na ushee, ambayo ni miaka tisa na nusu. Nilipiga hesabu hiyo nyuma ya karatasi ya miadi nikiwa benchi la kusubiri, na mtaalamu aliponiambia kifaa hudumu kati ya miaka mitano na kumi na tano kulingana na matumizi, nikaona tunaelewana.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Mtu wa kwanza kuwekewa kifaa kizima ndani ya mwili ni Arne Larsson wa Sweden, tarehe 8 Oktoba 1958, hospitali ya Karolinska karibu na Stockholm. Mkewe, Else-Marie, ndiye aliyewakalia kooni daktari wa upasuaji Åke Senning na mhandisi Rune Elmqvist mpaka wakakubali kutengeneza kitu ambacho hakikuwahi kuwepo. Elmqvist alimimina epoksi, gundi inayoganda ikawa ngumu, juu ya saketi na betri ndani ya kopo la kiwi ya viatu, ndiyo maana kifaa kile kilitoka na umbo la kopo la kiwi. Kilikufa baada ya saa chache. Kingine cha akiba kikawekwa, nacho hakikudumu. Larsson hakukata tamaa. Aliishi mpaka mwaka 2001, akafariki akiwa na miaka 86 kwa ugonjwa mwingine kabisa, baada ya kupitia vifaa 26. Alimzika mhandisi wake na daktari wake. Mke kama huyo apewe sanamu.

Na kule Marekani, jimbo la New York, Wilson Greatbatch alikuwa akitengeneza saketi ya kurekodi sauti za moyo, akachomeka kwa makosa rezista isiyo ya pale, saketi ikaanza kutoa pigo, kunyamaza sekunde moja, kutoa pigo tena. Akaelewa ameshika nini. Alitengeneza vifaa vyake vya kwanza kwenye banda nyuma ya nyumba yake, kwa mikono, na mwaka 1960 vikaanza kuwekwa kwa watu. Betri za zebaki za wakati ule zilitoa gesi, kwa hiyo kifaa hakikuweza kuzibwa kwenye kopo la chuma. Kilimwagiwa epoksi tu, unyevu wa mwili ukapenya, na mgonjwa akarudi kupasuliwa baada ya mwaka mmoja au miwili. Miaka ya 1970 Greatbatch huyohuyo akaleta betri ya lithiamu na iodini. Haitoi gesi, kwa hiyo unaweza kuichomelea ndani ya titani na kusahau. Na haizimiki ghafla. Upinzani wake wa ndani hupanda taratibu kadiri inavyozeeka, kifaa kinaupima, kinatoa taarifa miezi kabla.

Upasuaji wenyewe nitaupita haraka kwa sababu hauna mengi. Nilikuwa macho, nimepigwa ganzi chini ya mtulinga wa kushoto. Waya mbili ziliingizwa kwenye mshipa mkubwa wa damu unaopita hapo, zikasukumwa mpaka moyoni huku daktari akizitazama kwenye skrini ya eksirei, moja chumba cha juu cha kulia, nyingine chumba cha chini cha kulia. Ncha ya waya ina skrubu ndogo inayojizungusha na kushika nyama ya moyo. Pale kwenye ncha kuna tone la dawa ya steroidi linalovuja polepole, ili nyama isivimbe na kuota kovu nene litakalozuia umeme. Wakapima, wakasomeana namba, wakaziunganisha waya na kopo, wakalilaza kopo kwenye mfuko waliouchonga chini ya ngozi, wakashona. Ilikuwa kama saa moja na nusu. Wakati wanaiwasha niliona dari ikipata rangi. Sina namna nyingine ya kulieleza hilo.

Waya hizo ndizo sehemu dhaifu ya mtambo wote, na hapa naomba nikae kidogo. Moyo hupiga takriban mara 100,000 kwa siku, na kila pigo linaikunja waya. Fundi yeyote anajua kebo ya holda hukatikia wapi: shingoni, pale inapokunjwa kila siku, wakati nje mpira bado mzima. Kwa hiyo ndani ya waya ya moyo shaba haitumiki. Ni aloi ngumu ya nikeli na kobalti iliyosukwa kwa mviringo kama springi, ikavikwa silikoni au poliurethani. Hata hivyo inaweza kubanwa kati ya mtulinga na ubavu wa kwanza, ikachubuka au kukatika baada ya miaka. Ndiyo maana kila nikienda kliniki jambo la kwanza wanaloangalia ni ohmu. Zikipanda ghafla mno, waya imekatika. Zikishuka mno, ganda limetoboka na umeme unavujia pembeni. Nilipoelezwa hilo nilitamani kumkumbatia yule binti, kwa sababu ndivyo ninavyopima kebo zangu kwa tester miaka yote.

Sasa nije kwenye lile ambalo lilinichukua muda kulielewa. Nilidhani kifaa kinapiga tu, pa, pa, pa, na moyo unafuata. Kumbe muda mwingi kinasikiliza. Waya ileile inayopeleka umeme chini ndiyo inayoleta habari juu. Kwenye ncha yake kuna nguzo mbili, moja ya mwisho kabisa na nyingine ya pete nyuma kidogo, na kifaa kinasoma tofauti ya umeme kati yake, ambayo ni milivolti chache. Chumba cha juu kikijipigia chenyewe, kifaa kinakaa kimya na kuanza kuhesabu. Kikihesabu milisekunde mia na hamsini hivi bila kusikia chumba cha chini kikijibu, ndipo kinapokisukuma. Kikisikia kimejibu, kinaghairi. Mimi nodi yangu ya juu ni nzima, kwa hiyo nikipanda ngazi inapandisha mwendo yenyewe, na kifaa kinaipokea amri na kuishusha chini pale njia ilipokatika. Kimewekewa kiwango cha chini ambacho hakiruhusu moyo ushuke zaidi ya hapo, na cha juu ambacho hakitakipita hata vyumba vya juu vikipagawa.

Kuna wenzangu ambao nodi yao ndiyo iliyochoka, au wana waya moja tu chini. Hao kifaa chao hakina wa kumsikiliza juu, kwa hiyo kinatumia kitambuzi cha mtikisiko wa mwili: ukitembea kinajua unatembea na kinaongeza mapigo. Mzee mmoja wa Muheza tuliyezoeana kliniki alilalamika moyo unamwenda mbio akipanda bodaboda kwenye barabara ya mashimo, ilhali yeye amekaa tu kitako. Kitambuzi kiliamini anakimbia. Walikipunguzia ukali dakika ileile, kwa kompyuta, bila kumgusa na kisu.

Ukishaelewa kwamba kifaa kinasikiliza, masharti yote yanapata maana, nawe huhitaji kuyakariri. Yanaogopa mambo mawili. La kwanza ni kifaa kusikia kelele ya umeme ya nje na kudhani ni moyo. Kikidhani moyo unapiga, kinanyamaza, na mtu kama mimi ambaye akiba yake ni 36 anarudi kwenye kiza. La pili ni kifaa kuzibwa masikio. Sumaku ikisogezwa juu yake, kifaa kinaacha kusikiliza na kupiga kwa mwendo mmoja usiobadilika, mpaka sumaku iondolewe. Kimetengenezwa hivyo makusudi, kwa sababu madaktari huitumia sumaku wakati wa upasuaji na vipimo, ila si jambo la kutembea nalo mchana kutwa. Kwa hiyo simu, ambazo siku hizi nyingine zina sumaku mgongoni, sitii mfuko wa shati. Sentimita 15 kutoka kwenye kifaa zinatosha, na ninaongelea sikio la kulia. Spika kubwa ya muziki siibebi kifuani. Redio, televisheni, pasi, jokofu, havina neno. Kwenye mageti ya ukaguzi napita bila kusimama, naonyesha kadi yangu, na namwomba askari asinipitishie kile kifimbo kifuani. Na zile mashine za kukanda misuli kwa umeme zinazouzwa kwenye maonyesho, zinazokubandika vibao na kukutekenya, siziruhusu mwilini.

Kuchomelea ndiko kulikonisumbua. Madaktari wangependa niache kabisa, na wengine huwaambia hivyo wagonjwa wao. Karatasi ya kampuni iliyotengeneza kifaa changu inaruhusu kwa masharti: ampea zisizidi 160, moto na kebo vikae sentimita 60 kutoka kifuani, kebo ya holda na ya ethi, ile inayorudisha umeme kwenye mashine, zikae pamoja sakafuni badala ya kuzungushwa mwilini, ethi ibanwe karibu na kazi, usifanye kazi ukiwa umelowa, na ukihisi kizunguzungu uweke holda chini uondoke. Sharti moja nililisoma mara kadhaa: usigongegonge kijiti kuwasha moto, ukikosa, subiri sekunde kadhaa kabla ya kujaribu tena. Mwanzoni niliona ni uoga wa watu wa ofisini. Nilipomuuliza mtaalamu, alinijibu vizuri sana. Kelele inayoendelea bila kukatika, kifaa cha kisasa kinaitambua kwamba ni kelele, na kinajilinda kwa kupiga bila kusikiliza. Lakini kugonga, kunyamaza, kugonga, kunyamaza, kwake kunafanana na moyo.

Niliamua hivi. Kazi nene za mageti wanafanya vijana, mimi napima, nakata, napanga pembe, na nasimama mbali na mashine. Shaba na mabati mepesi nachomelea mwenyewe kwa gesi, kwa sababu moto wa gesi hauna umeme wa kukisumbua kifaa. Grinda naitumia nikiwa nimenyoosha mikono. Kipato kimeshuka, sitadanganya, na vijana wameanza kunisahihisha pembe zangu. Kliniki wanafungua kumbukumbu ya kifaa, maana kinaandika kila kilichosikika kisicho cha kawaida, na mpaka sasa hawajakuta kelele ya karakana.

Wiki za mwanzo zina masharti yake mengine, ya kulinda zile skrubu ndogo mpaka zishike: usinyanyue kiwiko cha upande ule kupita bega, usibebe ndoo, usilalie kifua. Nilihangaika na takbira kwenye sala mpaka nikagundua mikono inaweza kufika masikioni viwiko vikiwa chini. Bibi wa ukoo wetu walitaka kunikanda kidonda kwa maji ya moto na majani. Walizuiwa mlangoni na mke wangu, Mungu ambariki. Kidonda kikiwa chekundu, kikitoa maji au kikivimba, unarudi hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu wadudu wakifika kwenye kopo na waya, mara nyingi dawa peke yake haiwatoi, na kifaa chote huondolewa. Na usikichezee kopo kwa vidole. Wapo watu waliokizungusha chini ya ngozi, kidogo kidogo, mpaka waya zikajifunga kama uzi kwenye kibunzi na ncha ikachomoka moyoni.

Bei ndiyo ukuta wa wengi. Kwenye benchi lile la kusubiri nilikaa na watu ambao ECG zao zilikuwa kama yangu, na tofauti yetu ilikuwa bima. Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, kina mradi uitwao My Heart Your Heart unaokusanya vifaa vya marehemu kwa idhini ya familia, unavipima kama betri bado ina miaka, unavisafisha na kuua vijidudu, kisha vinapelekwa nchi zenye uhitaji, Kenya ikiwamo. Wapo wanaosita kuvaa kitu kilichotoka kwa maiti. Mimi nimevaa viatu vya mtumba tangu utotoni. Kwa Wahindu wenzetu wanaochoma maiti, kifaa hutolewa kabla kwa sababu nyingine: betri hupasuka kwenye moto. Sisi tunaozika tunazika nacho, na nafikiri mashehe na maaskofu wetu wangeweza kulizungumza hili la kuvitoa kwa wenye uhitaji kabla halijawa dharura ya familia.

Betri yangu ikikaribia mwisho hakuna kuchaji. Ngozi hupasuliwa palepale pa zamani, skrubu za kichwa zinalegezwa kwa bisibisi ndogo inayolia inapofika kipimo chake cha kukaza, waya zinapimwa, na zikiwa nzima zinachomekwa kwenye kopo jipya. Waya hazing'olewi, mwili umeshazishika. Kadirio la mwisho la kompyuta lilinipa miaka saba. Nimeshamwomba yule binti siku hiyo wanipe kopo la zamani nilipasue niuone mshono kwa ndani. Kulipasua amekataa katakata: lithiamu na iodini si vitu vya kuwekea grinda. Kulishika na kulitazama tu, amesema, tutaongea.